Reli ya Kamba ya Mlima Atago, 1929–1944

Ingia jikoni katika nyumba ya zamani mjini Kyoto, au katika mgahawa uliorithiwa baba kwa mwana, kisha inua macho juu ya jiko. Mara nyingi utakuta kipande chembamba cha karatasi kimebandikwa ukutani, kimeiva kwa moshi na mafuta, kina herufi nne nyeusi zilizopangwa kushuka moja chini ya nyingine. Husomwa hi no yojin, yaani jihadhari na moto. Karatasi hiyo hutolewa katika hekalu la Kishinto lililo kileleni mwa Mlima Atago, mita 924 juu ya usawa wa bahari, kaskazini-magharibi ya mji. Ukiiona jikoni, ujue kuna mtu aliyepanda mlima kuifuata.

Siku hizi hupandwa kwa miguu tu. Lakini kuanzia Julai 25, 1929 hadi Februari 11, 1944, aliyekwenda kuifuata karatasi hiyo aliweza kukata tiketi, akaketi ndani ya behewa, akavutwa kwa kamba ya chuma mpaka sehemu za juu za mlima. Reli yenyewe iliitwa Atagoyama Tetsudo, Reli ya Mlima Atago. Iliishi miaka 14 na nusu. Ifikapo 2029 itatimiza karne moja tangu kufunguliwa, na wengi wa waliowahi kuipanda wameshatangulia mbele ya haki. Ndiyo maana naona historia yake isingojee siku ya sherehe.

Chanzo cha yote ni moto. Kyoto ya zamani ilikuwa mji wa mbao, karatasi na mikeka, nyumba zimebanana ubavu kwa ubavu, na kila nyumba ina jiko la kuni. Cheche moja ya usiku wenye upepo ilitosha. Mwaka 1788 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na kasri la mfalme. Mwaka 1864, mapigano yaliyozuka kwenye malango ya kasri yaliacha moto mwingine uliokula maelfu ya nyumba. Watu walioishi na hofu ya namna hiyo walihitaji mahali pa kupeleka maombi yao, na pakawa ni Atago, makao ya mungu anayewakinga watu na moto. Mahekalu yenye jina la Atago yako karibu 900 nchini Japani, na la Kyoto ndilo mama yao.

Desturi za mlima huu ni za watu wa kawaida kabisa, za mama na mpishi. Mtoto akipandishwa hekaluni kabla hajatimiza miaka 3, husemwa kwamba moto hautamgusa maisha yake yote. Kwa hiyo baba humbeba mgongoni, mama akafuata na chupa ya maji na nepi. Wanawake wa Mizuo, kijiji kilicho nyuma ya mlima, walikuwa wakipanda na matawi ya shikimi, mti usiopukutisha majani, wakiwauzia mahujaji njiani, na tawi hilo huwekwa jikoni karibu na moto. Halafu kuna usiku wa Julai 31 kuamkia Agosti 1. Anayezuru usiku huo huhesabiwa kama aliyezuru siku 1,000 mfululizo. Basi usiku huo mlima haulali.

Wakubwa nao walipanda. Mwaka 1582 jemadari Akechi Mitsuhide alikesha Atago, akapiga kura ya bahati zaidi ya mara moja, akakaa na washairi wakitunga beti za kupokezana. Siku chache baadaye alimvamia bwana wake, Oda Nobunaga, katika hekalu la Honnoji, na historia ya Japani ikageuka mkondo. Nimekitaja kisa hiki ili ieleweke kwamba reli ya 1929 haikwenda kuugundua mlima. Iliukuta na watu wake, na njia ilikwisha kuchakaa kwa nyayo.

Njia hiyo huanzia Kiyotaki, kijiji kidogo kilichojificha kwenye bonde la mto. Ili kufika Kiyotaki kutoka Arashiyama, ukingoni mwa Kyoto, wazee walilazimika kwanza kuvuka kilima ambacho jina lake kwa Kijapani lina maana ya jaribio. Aliyeishiwa pumzi pale alishauriwa arudi nyumbani, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na kilomita 4 za ngazi na mizizi, mwendo wa saa 2 au 3 kwa mtu mwenye magoti mazima. Kikongwe aliyekuwa na nadhiri alituma mjukuu.

Kyoto ilikuwa na ujuzi wa kamba muda mrefu kabla ya kuwa na reli ya kamba. Mji ulipohamwa na mfalme aliyekwenda Tokyo baada ya 1868, viongozi wake waliogopa usije ukafa, wakachimba mfereji wa kuleta maji kutoka Ziwa Biwa. Huko Keage, ambako mfereji hushuka ghafla, walitandika reli kwenye mteremko wa mita 582. Mashua iliingizwa juu ya kitoroli pamoja na shehena yake, kamba ikakivuta kitoroli, na mashua ikapanda kilima mbele ya macho ya watu. Nguvu ya kuvuta ilitokana na umeme wa maji ya mfereji uleule, uliozalishwa Keage kuanzia 1891. Umeme huo ndio uliowapa watu wa Kyoto tramu ya kwanza ya umeme nchini, mwaka 1895. Kwa hiyo bibi wa Kyoto aliyesikia mwaka 1929 kwamba kamba itampandisha Atago hakuwa na sababu ya kudhani ni uchawi. Huenda utotoni aliwahi kuona mashua ikipanda kilima kwa kamba.

Reli ya kwanza ya kamba ya kubeba abiria nchini Japani ilifunguliwa Agosti 1918 katika Mlima Ikoma, kati ya Osaka na Nara, kuwapeleka waumini katika hekalu la Hozanji. Baada ya hapo ikawa kama homa. Katika miaka ya 1920 mlima wenye hekalu maarufu ulikuwa na kampuni ya reli inayoumezea mate. Mlima Hiei, unaotazamana na Atago kutoka upande wa pili wa mji, ulipata kamba yake upande wa Kyoto mwaka 1925, na nyingine upande wa Ziwa Biwa mwaka 1927. Atago ukabaki bila kitu, nao ndio mrefu zaidi kati ya hiyo miwili, na wenye mahujaji wa kila tabaka.

Kampuni ya Atagoyama iliundwa kwa ubia wa Keihan, kampuni ya treni, na Kyoto Dento, kampuni ya umeme iliyokuwa pia ikiendesha tramu ya kwenda Arashiyama. Wakati ulikuwa mzuri. Novemba 1928 Mfalme Showa alitawazwa mjini Kyoto, na kwa ajili ya wageni wa sherehe hizo mji ulitandikwa reli mpya na kupakwa rangi. Mwezi huohuo treni mpya kutoka upande wa Osaka ilifika Arashiyama. Mtu wa Osaka sasa aliweza kuondoka kwake asubuhi akawa chini ya Atago kabla ya chakula cha mchana.

Kazi iligawanywa mara mbili. Kwanza ilijengwa reli ya kawaida ya umeme kutoka Arashiyama hadi Kiyotaki, kilomita 3.4, iliyofunguliwa Aprili 12, 1929. Kile kilima cha jaribio kilitobolewa kwa handaki la karibu nusu kilomita, na abiria wakakipita wameketi. Pili ikaja reli yenyewe ya kamba, kutoka stesheni ya Kiyotakigawa, ng'ambo ya mto, hadi stesheni ya Atago. Urefu wake ulikuwa kilomita 2 na ushei, ikipanda zaidi ya mita 600, na kupenya mahandaki 6 njiani. Siku ilipofunguliwa hapakuwa na reli ya kamba ndefu kuliko hiyo Japani nzima. Leo ndefu kuliko zote ni ile ya Sakamoto, upande wa ziwa wa Mlima Hiei, yenye mita 2,025. Atago ingekuwepo, Sakamoto ingekuwa ya pili.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuteka maji kwenye kisima cha kapi na ndoo mbili. Ndoo moja ikishuka, nyingine hupanda. Mabehewa mawili hufungwa kwenye ncha mbili za kamba moja ya chuma, na kamba hiyo huzungushwa kwenye gurudumu kubwa lililo stesheni ya juu. Uzito wa behewa linaloshuka husaidia kulivuta linalopanda, kwa hiyo mota hulipia tofauti tu. Reli ni ya njia moja, isipokuwa katikati kabisa, ambapo hugawanyika mara mbili kwa mita chache ili mabehewa yapishane. Hapo pana ujanja ninaoupenda sana. Behewa lina magurudumu ya upande mmoja yenye kingo mbili zinazoikumbatia reli, na ya upande wa pili ni bapa, hayana kingo kabisa. Behewa la kwanza limekumbatia reli ya kushoto, la pili reli ya kulia. Yakifika kwenye mgawanyiko kila moja hufuata upande wake daima, bila mtu kugeuza njia, bila kifaa chochote kusogea. Abiria wa juu na wa chini hupungiana mikono kwa sekunde chache, kisha kila mtu huendelea na safari yake.

Tazama sasa tarehe ya kufungua: Julai 25. Ule usiku wa siku 1,000 ulikuwa umebaki siku 6 tu. Sidhani kwamba ilitokea kwa bahati. Wenye reli walijua kalenda ya mlima, nao walitaka mahujaji wa mwaka huo wawe abiria. Namfikiria yule kikongwe wa nadhiri, aliyekuwa akimtuma mjukuu miaka nenda miaka rudi, akishuka kwenye behewa mwenyewe, akaona kwa mara ya kwanza nuru ya taa za Kyoto iko chini ya miguu yake. Kutoka stesheni hadi hekaluni bado palikuwa na mwendo na ngazi za mawe za mwisho, lakini hizo mtu huzipanda kwa kushikwa mkono.

Kampuni haikutaka mahujaji peke yao. Hekalu hujaza treni siku chache za mwaka, na mashine hula kila siku. Kwa hiyo karibu na stesheni ya juu palijengwa hoteli, pakawekwa bustani ya michezo ya watoto, na wakati wa baridi pakafunguliwa mahali pa kuteleza kwenye theluji. Kwa vijana wa mjini hilo la mwisho lilikuwa jambo kubwa. Mchezo huo ulikuwa ungali mgeni, na ghafla theluji ya kuchezea ikawa umbali wa tramu mbili na kamba moja. Kiangazi nako, Kyoto huchemka kama chungu, mji umezungukwa na milima na upepo haupiti, na juu ya Atago hewa ni ya kujifunika shuka. Mlima uliokuwa wa nadhiri ukawa pia wa likizo. Wapo wanaoona hapo ulinajisiwa. Mimi sioni hivyo. Wasimuliaji wa Japani walikuwa na hadithi ya kuchekesha iitwayo Atagoyama, ya tajiri aliyekwenda huko kutembea na wapambe wake wakirusha visahani vya udongo bondeni, tangu kabla reli haijawazwa. Watu walikuwa wakipanda kwa maombi na kwa furaha, na mlima ulikuwa ukiwapokea wote.

Furaha hiyo ilikuja wakati mbaya. Miezi mitatu tu baada ya behewa la kwanza kupanda, soko la hisa la New York likaanguka, na kufikia 1930 Japani nzima ilikuwa imebanwa. Bei ya hariri iliporomoka, viwanda vikapunguza watu, na mwenye mshahara uliokatwa hapeleki wanawe hoteli ya mlimani. Kampuni ilikuwa na mahandaki 7 ya kutunza, mota, kamba, mabehewa, na hoteli juu yake. Reli ilidumu, lakini ndoto yake haikupata kunenepa.

Kilichoimaliza ni vita. Japani ilipigana China tangu 1937, na tangu Desemba 1941 ikapigana na Marekani na Uingereza. Chuma kikaadimika. Mwaka 1941 serikali ilitoa amri ya kukusanya metali, na mahekalu ya Kibudha yakaanza kushusha kengele zilizolia karne nyingi, zikapakiwa kwenye magari kwenda kuyeyushwa. Familia zilitoa hata vyuma vya madirishani. Kisha zikafuata reli. Njia zilipangwa kwa makundi, na zile zilizoonekana si za lazima wala si za haraka ziliandikiwa kung'olewa. Kupanda mlima kuombea jiko lako kuliwekwa katika kundi hilo.

Reli ya kamba ya Atago ilifungwa Februari 11, 1944. Siku hiyo katika Japani ya wakati ule ilikuwa sikukuu ya taifa, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa dola. Kabla mwaka haujaisha, ile ya tambarare ya kwenda Kiyotaki nayo ikafungwa. Reli zikang'olewa kutoka chini hadi juu. Handaki lililopita chini ya kilima cha jaribio likageuzwa karakana ya kutengeneza vipuri vya injini za ndege, mahali ambapo mabomu yasingefika. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika historia hii: chuma kilichowekwa kuwapeleka watu kwa mungu wa kuzuia moto kilitwaliwa mwaka ambao miji ya Japani ilianza kuungua kutoka angani. Julai ya 1944, waliotaka kuzuru walirudi kwenye ngazi na mizizi.

Vita vilipokwisha, reli nyingi za kamba zilifufuliwa. Ile ya Hiei ilirudi 1946. Ya Otokoyama, kusini mwa Kyoto, na ya Maya, juu ya Kobe, zilirudi 1955. Ya Myoken, kaskazini mwa Osaka, ilisubiri hadi 1960, ikaendelea mpaka ilipofungwa tena Desemba 2023. Atago haikurudi. Iliachwa pamoja na ile ya Mlima Asama huko Ise, iliyokatwa mwaka huohuo wa 1944 na kusahauliwa. Kilomita 2 za reli na kamba ya urefu huo si kitu cha kununua katika nchi yenye njaa, na kadiri miaka ilivyopita watu walizoea magari. Katika Japani ya miaka ya 1960 barabara ndiyo iliyokuwa ikiua reli za kamba. Ya Nikko, kwa mfano, ilikufa 1970 baada ya barabara ya pili ya kupanda mlima kufunguliwa jirani yake. Atago haikuwahi hata kufikia ushindani huo.

Mabaki yake yapo, na yanaonekana kwa anayejua pa kutazama. Lile handaki la Kiyotaki sasa ni barabara. Ni jembamba la kupitisha gari moja, kwa sababu lilichimbwa kwa kipimo cha tramu, na magari hungoja taa ya kijani kila upande kabla ya kuingia. Basi la kwenda Kiyotaki hupita humo. Vijana wamelipa sifa ya kuwa na mizimu, wakaja usiku na tochi kutishana. Ningetamani mmoja wao aguse ukuta wa handaki hilo akajua kwamba hapo walipita watoto wenye vikapu vya chakula, kisha mafundi wa vita.

Ng'ambo ya mto, mstari wa reli ya kamba bado umechora mgongo wa mlima, umenyooka kupita kiasi kwa kitu cha msituni. Mierezi imeota katikati yake. Baadhi ya mahandaki yameporomoka, na busara ni kutokuyakaribia. Lakini stesheni ya juu ingali imesimama, ghorofa mbili za zege katikati ya miti. Madirisha yake makubwa hayana kioo hata kimoja. Kuvu na majani vimeingia ndani, maji yanadondoka kutoka dari, na ngazi bado zinapandika. Pembeni ni pale behewa liliposimama, sakafu yake imejengwa kwa vipandio kufuata mteremko, kwa kuwa kwenye reli ya namna hii hata jukwaa la abiria hupanda. Vipandio hivyo vimevaa kuvu ya kijani, na kingo zake bado ni kali, hazikuwahi kulika kwa nyayo. Miaka 14 na nusu haitoshi kuila ngazi ya zege.

Ngazi za mawe za njia ya zamani zimelika katikati kama sahani.

Usiku wa Julai 31 zinakanyagwa tena na maelfu. Taa huwashwa kwenye njia nzima kutoka Kiyotaki hadi hekaluni. Baba amembeba mtoto aliyelala, kichwa kinamning'inia begani. Wapo wapishi waliofunga mgahawa mapema, na wazee wanaopanda hatua 10 wakapumzika mara 1. Njia ni nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka hupishana wakigusana mabega, na kila mmoja humsalimia asiyemjua kwa lahaja ya Kyoto. Anayeshuka husema onoboriyasu, panda salama. Anayepanda, pumzi zimemjaa kifuani, hujibu okudariyasu, shuka salama. Anayeshuka ameishika karatasi mpya yenye herufi nne, ameikunja vizuri isipate jasho, anaipeleka jikoni.